Dona bila maji ilinifunga choo zaidi

Kuna wakati nilikuwa napata choo mara mbili tu kwa wiki, tena kigumu hadi machozi yananitoka. Nauza duka peke yangu, kwa hiyo mchana nilikuwa sinywi maji nisije nikalazimika kufunga duka kwenda msalani. Chakula changu kilikuwa ugali wa sembe, wali mweupe na chapati. Vidonge vya kulainisha choo nilivizoea, lakini nikiviacha tu, hali inarudi palepale.

Siku moja nikapeleka mahindi mashineni. Yalipokobolewa, pumba zikatoka upande wa pili zikiwa bado za moto, zikaingia kwenye kiroba cha mfuga kuku. Nikachota kiganjani: maganda mepesi, makavu, yamechanganyika na vipande vya viini. Kila mwezi nilikuwa nalipia kuondolewa kitu ambacho tumbo langu lilikihitaji.

Nikahamia dona, nikakosea kwa pupa. Dona mchana, dona usiku, na asubuhi uji wenye vijiko vinne vya pumba za ngano, yote kwa siku moja. Maji sikuongeza hata kikombe. Tumbo likajaa gesi, likawa kama ngoma, na choo kikagoma siku tano.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenielewesha. Nyuzinyuzi za ganda la ngano au mahindi hatuwezi kuzimeng'enya. Zinafika utumbo mpana karibu kama zilivyoingia, zinashika maji, choo kinaongezeka na kulainika, utumbo unapata cha kusukuma. Maji yakikosekana, unabeba mzigo mkavu.

Nikaanza upya. Kijiko kimoja cha pumba za ngano kwenye uji kwa wiki nzima, ndipo viwili. Dona mlo mmoja kwanza. Chupa ya lita moja na nusu inakaa kaunta na lazima iishe kabla sijafunga. Nikitoka, jirani ananiangalizia duka. Wiki ya tatu nilikuwa naenda kila asubuhi baada ya uji, bila kujikamua.

Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, alichapisha vipimo na wenzake mwaka 1972: wanakijiji wa Uganda waliokula vyakula visivyokobolewa walitoa takriban gramu 470 za choo kwa siku, wanamaji wa Uingereza kama gramu 104. Nadhani wengi wetu mjini sasa tuko upande wa wanamaji.

Pumba nunua zile safi za kuliwa na watu, usichukue za duka la vyakula vya mifugo. Mahindi ya dona yawe makavu, yasiyo na ukungu, maana sumu ya kuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Ukishasaga, usichekeche kwa chekeche la matundu madogo. Utairudisha dona kuwa sembe.

Ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, au tumbo limevimba, unatapika na hata hewa haitoki, usiongeze pumba. Nenda hospitali siku hiyohiyo.