Pima Kabla Hujafungua: Nozeli za Dizeli Nyumbani

Kwa miaka minne sasa nozeli za Land Cruiser yangu, ile midomo inayonyunyizia dizeli ndani ya injini, nazihudumia mwenyewe hapa nyumbani Karatu, kwenye chumba ambacho zamani tulikuwa tunawekea mahindi. Gari lenyewe ni mkonga wa siku nyingi, injini 1HZ: silinda sita, lita 4.2, pampu ya kawaida isiyo na kompyuta. Ninayoyaandika hapa yanamfaa zaidi mwenye injini ya aina hiyo, au 3L kama iliyo kwenye Hiace nyingi za zamani. Mwenye gari la common rail, yaani dizeli za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta, nina neno lake huko mbele, nalo ni la kumzuia.

Nilianza kazi hii kwa hasira. Kila nikipanda ule mlima kutoka Mto wa Mbu, gari lilikuwa linaacha moshi mweusi nyuma hadi naona aibu kwa wanaonifuata. Asubuhi likiwaka lilitoa moshi mweupe unaochoma macho, na injini ikawa inagonga upande wa nyuma kama mtu anayepiga bati. Nikalipeleka gereji. Hawakupima kitu. Nikaambiwa nozeli zote sita zimekufa, ninunue mpya. Nikanunua, zikafungwa siku hiyo hiyo, nikalipa. Wiki ya pili moshi ulikuwa palepale.

Nikazifungua zote, nikazipeleka Arusha kwa mzee mmoja fundi pampu. Akazipanga mezani, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hizi nani alizipima?" Sikuwa na jibu. Akazifunga moja moja kwenye mashine yake ya kutestia, nikasimama nyuma yake na daftari. Ya kwanza ilifungua kwenye presha ya 128. Nyingine zikaja 131, 118, 133, 130. Ya sita, ile ya nyuma kabisa karibu na chumba cha dereva, ilifungua kwenye 96 na ikaendelea kudondosha matone. Kitabu cha Toyota kinataka nozeli mpya ya 1HZ ifungue kati ya 151 na 159 kg/cm², na iliyokwisha kutumika kati ya 145 na 155. "Nozeli ni mpya kweli," mzee akaniambia, "lakini springi ni zile zile zilizotoka na gari Japani."

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye gari la dizeli alijue kabla hajatoa hela. Presha ya kufungulia haitoki kwenye nozeli unayoinunua dukani. Inatoka kwenye springi iliyo ndani ya injekta, yaani chombo kizima kinachoishika nozeli, na kile kipande chembamba cha chuma kinachokaa juu yake, ambacho mafundi tunakiita shimu. Springi ikichoka, hata ukiifungia nozeli ya dhahabu itafungua mapema, mafuta yatatoka kwa matone manene badala ya ukungu, na hayataungua yote. Moshi mweusi ni hayo mafuta yaliyoungua nusu. Moshi mweupe wa asubuhi ni yale ambayo hayakuungua kabisa.

Kwa hiyo, kabla hujashika spana, hakikisha kosa ni la nozeli. Chujio la hewa lililojaa vumbi nalo huleta moshi mweusi, na kwa barabara zetu za huku halichukui muda kujaa. Chujio la dizeli likiziba gari hukosa nguvu. Hewa ikiingia kwenye paipu ya mafuta, asubuhi utapiga stata hadi betri ichoke. Maliza hayo kwanza, ni ya bei rahisi.

Kisha fanya kipimo cha zamani ambacho hakihitaji mashine. Gari likiwa linawaka kwa sailensi, bila kukanyaga mafuta, legeza kidogo nati ya paipu ya presha inayoingia kwenye injekta ya kwanza. Zungushia tambara na usiweke mkono mbele yake. Injini ikibadilika sauti na kuanza kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili. Ukifika kwenye ile ambayo ukilegeza au ukikaza injini haina habari, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kama ule mlio wa bati unapotea ukilegeza nati fulani, nayo iandike. Mimi ningekuwa nimefanya hivyo siku ya kwanza, ningejua namba sita ndiyo inayopiga kelele. Ila kipimo hiki ni cha pampu za kawaida peke yake. Usikifanye kwenye common rail hata siku moja.

Mashine ya kutestia ni pampu ya mkono yenye geji, kijitanki cha mafuta na paipu fupi ya kufungia injekta. Yangu niliinunua ikiwa imetumika. Wapo wanaotengeneza kwa jeki ya chupa: wanatoboa, wanafunga geji na paipu, na kazi inafanyika. Sina ubaya na hilo, mradi geji iwe nzuri na umeilinganisha na ya fundi unayemwamini. Geji ikidanganya, nozeli zote sita utazitega kwa uongo mmoja. Namba zikisomeka kwa bar badala ya kg/cm² usihangaike, tofauti yake ni ndogo sana.

Sasa usafi, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Sindano ya nozeli na nyumba yake vimesagwa pamoja kiwandani, na nafasi kati yao ni sehemu chache tu kati ya elfu moja za milimita. Chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho inatosha kuikwamisha. Vumbi jekundu la Karatu linapita hata kwenye tundu la kitasa. Kwa hiyo nafunga madirisha, namwagia sakafu maji kidogo, nasubiri vumbi litulie, ndipo naanza. Meza naifuta kwa dizeli. Natumia sinia la bati na vikombe sita vya plastiki vilivyoandikwa namba, kila injekta na vitu vyake kwenye kikombe chake. Sindano ya namba mbili isiingie kamwe kwenye nyumba ya namba tatu. Matambara ya pamba siyatumii, yanaacha nyuzi. Naosha kwa dizeli niliyoichuja na vitu naviacha vichuruzike vyenyewe.

Kwenye injini, osha kichwa chote kabla ya kufungua. Ukiisha toa paipu, ziba kila tundu. Injekta za 1HZ zimefungwa kwa kuzungushwa kama boliti, soketi ndefu ya 27 inazitoa. Chini yake kuna washa, kile kipande cha duara cha kuziba, na mara nyingine inabaki shimoni imeng'ang'ania masizi. Ichokoe kwa waya uliokunjwa ncha. Ukiisahau na kuweka mpya juu yake, injekta itakaa juu kuliko inavyotakiwa na moto utapita pembeni.

Kabla ya kufungua hata moja, ipime kama ilivyo. Andika imefungua kwenye ngapi, imenyunyiza vipi, imedondosha au la. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu wana haraka ya kuona ndani, halafu baadaye hawajui kama walichokitengeneza kilikuwa kimeharibika. 

Kufungua si kazi ngumu. Ibane injekta kwenye vaisi, meno yake ukiyawekea vipande vya shaba au alumini ili usiumize chuma, legeza nati kubwa, na toa kwa mpangilio: nozeli, kile kipande cha kati, pini, springi, shimu. Shimu ni ndogo na hupenda kung'ang'ania ndani, hakikisha imetoka. Masizi ya nje yatoe kwa brashi ya shaba, ncha ya sindano kwa kijiti cha mti kilicholowa dizeli. Msasa usiuguse. Wapo wanaosugua sindano kwa dawa ya kung'arishia vyuma ili ikae vizuri, nami nawashauri waache, maana pembe ya pale inapokalia ikiharibika hakuna springi itakayoziba kuvuja.

Halafu kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Lowesha sindano kwa dizeli safi, irudishe kwenye nyumba yake, inamisha kama digrii 60, ivute nje theluthi moja ya urefu wake, kisha iachie. Inatakiwa iteremke yenyewe, taratibu, kwa uzito wake tu, hadi iguse chini. Izungushe kidogo, rudia. Ikisita mahali, ioshe tena. Ikisita tena mahali pale pale, hiyo nozeli haifai, nunua mpya yenye herufi na namba zile zile zilizochorwa kwenye mwili wake. Kwa injini hizi zitaanza na DN. Zikianza na DLLA ni za matundu mengi, za injini nyingine, na presha yake ni nyingine kabisa.

Ukiirudisha pamoja, kaza nati kubwa kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu cha injini yako, kisha pima. Presha ikiwa chini, weka shimu nene zaidi. Ikiwa juu, nyembamba zaidi. Tofauti ya milimita 0.05 inahamisha presha kama bar 6 hivi. Ndiyo maana maikromita ni ya lazima, kwa macho huwezi kuona tofauti hiyo. Tumia shimu moja tu, usipange mbili. Na shabaha isiwe tu kuingia ndani ya kiwango, zote sita zikaribiane. Mimi sikubali zipitane zaidi ya bar 3, kwa sababu injini hunguruma kwa utulivu pale ambapo kila silinda inapata mafuta kwa wakati ule ule.

Presha ikikaa sawa, shikilia mpini geji ikiwa bar 10 hadi 20 chini ya ile ya kufungulia, na hesabu sekunde 10. Mdomo wa nozeli usidondoshe hata tone. Ikishapita, piga mpini kwa mwendo wa kawaida na utazame mnyunyizo: uwe koni ndogo iliyonyooka, ukungu mtupu, usio na mchirizi pembeni. Na sikiliza. Nozeli nzima inalia "krrr, krrr", sauti kavu ya kutetemeka. Iliyochoka inatoa "chwaa" kama mtoto anayekojoa. Mzee wa Arusha alikuwa anaitambua mbovu akiwa amenipa mgongo, anakunywa chai.

Nanyunyizia ndani ya chupa ya maji ya lita moja na nusu niliyoikata kitako, wala si hewani. Mkono wako usipite mbele ya nozeli kwa sababu yoyote. Mafuta yanayotoka kwa presha hii hupenya ngozi, na kidonda chake ni kama tundu la sindano ya kushonea, hakiumi sana mwanzoni, huku ndani yakiharibu nyama. Yakikupata, nenda hospitali saa hiyo hiyo na umwambie daktari wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa presha, kwa sababu huhitaji upasuaji wa haraka. Kuchelewa kumewagharimu watu vidole. Vaa miwani. Na ukungu ule unawaka kama petroli, kwa hiyo jiko la mkaa na sigara vikae mbali na chumba hicho.

Kufunga kwenye gari ni kinyume cha kufungua, kwa washa mpya. Pampu ya mkono iliyo juu ya chujio ibonyeze hadi iwe ngumu, legeza nati za paipu kwenye injekta, piga stata kidogo kidogo hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Kesho yake kagua kila nati kwa kidole kikavu.

Nozeli hazifi bure, na mara nyingi kinachoziua ni mafuta yenyewe. Dizeli ndiyo inayolainisha sindano na pampu, na ikichanganywa mafuta ya taa ulainifu unapotea, vyuma vinasagana. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba bajeti ya 2011/12 hapa Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei yake isiachane sana na ya dizeli, na Kenya mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyo hiyo. Maji nayo ni adui. Fungua koki ya chini ya chujio umwage maji, hasa masika.

Lile neno la common rail: usizifungue nyumbani. Presha yake kwa nyingi inaweza kupita bar 1,600, vipimo vyake vinahitaji benchi ya umeme, na nyingi zina namba juu yake ambazo lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari. Unachoweza kufanya nyumbani ni kubadilisha chujio kwa wakati na kuweka mafuta safi. Nozeli zenyewe mpelekee mwenye benchi, na umwombe karatasi ya majibu kabla hujakubali kununua mpya.

Zangu zote sita nilizirudisha zikiwa kati ya 149 na 152, tatu kwa springi mpya. Mwezi uliopita nimezipima tena baada ya kilomita 40,000. Tano zipo kati ya 147 na 150. Namba sita, iliyokuwa bado na springi yake ya zamani, imeshuka hadi 141. Nimeibadilishia.