Jibu: Mnara wa tangi wenye kiuno, wa mabomba yaliyonyooka, Tabora

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: unajenga mnara wa tangi la maji, una ringi mbili za kipenyo cha mita 2, ya juu na ya chini, zimeunganishwa na mabomba yaliyonyooka, ukizungusha ringi ya juu kiuno (sehemu nyembamba ya katikati) kinabana kupita kiasi, mnara unapungua urefu na bado unajizungusha.

Anza kuangalia pembe uliyozungusha. Ringi zikiwa sawa, kipenyo cha kiuno ni kipenyo cha ringi mara kosaini (cos kwenye kikokotoo) ya nusu ya pembe hiyo. Nyuzi 90 zinakupa mita 1.41, nyuzi 120 zinakupa mita 1 tu. Kwa tangi mimi nakaa kwenye 60, kiuno kinabaki mita 1.73. Na usikate bomba kwa urefu wa mnara: mnara wa mita 4 kwa nyuzi 60 unataka bomba la mita 4.12, maana limelala kimshazari.

Kujizungusha kunatokana na mabomba yote kulalia upande mmoja. Weka kundi la pili linalolalia upande wa pili, moja ndani ya ringi, jingine nje, kisha choma kila yanapokutana. Hapa Kigoma huwa nafunga kamba za manila kwanza kwenye ringi, nione umbo kabla ya kugusa bomba. Mhandisi Mrusi Vladimir Shukhov alijenga mnara wa maji wa namna hii Urusi mwaka 1896, vyuma vyote vimenyooka.

Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Msingi mwonyeshe mhandisi aliyeuona udongo wako.