Maswali ya Wasomaji: Nani Aanze Kuitafuta Sentensi, Mwanafunzi au Mashine?

Tangu programu za mazungumzo zinazotumia akili mnemba zilipofika mikononi mwa umma mwishoni mwa mwaka 2022, barua zinazotufikia kuhusu ufundishaji wa lugha zimebadilika sura. Zamani mlituuliza ni kamusi ipi inafaa na ni kitabu kipi cha sarufi kinaeleweka. Sasa mnauliza kama kamusi na kitabu bado vina kazi, na kama mwalimu mwenyewe bado anahitajika. Tumechagua barua tano. Nazijibu kama mwalimu wa lugha, si kama mtaalamu wa kompyuta, na msomaji ataona kwamba karibu kila jibu linazunguka jambo moja: ni nani anayetangulia kuhangaika na sentensi.

Swali: Ndugu mwandishi, ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye kwa kawaida huandika sentensi fupi na makini, alileta insha ambayo niliipitisha kwenye programu ya kugundua maandishi ya akili mnemba. Programu ikasema kwamba sehemu kubwa ya insha hiyo imeandikwa na mashine. Mwanafunzi amekana huku akilia, na mkuu wa shule anasubiri uamuzi wangu. Nimwamini nani? (Mwalimu aliye njia panda)

Jibu: Mwalimu mwenzangu, usimhukumu mwanafunzi huyo kwa ushahidi wa programu hiyo peke yake, na tafadhali mweleze mkuu wa shule sababu. Programu za kugundua hazina namna ya kumwona aliyeshika kalamu. Zinachofanya, kwa sehemu kubwa, ni kukadiria jinsi kila neno linavyotabirika kutokana na maneno yaliyolitangulia, na maandishi yanayotabirika sana huhesabiwa kuwa ya mashine. Sasa fikiria jinsi mtu anayejifunza lugha ya pili anavyoandika: msamiati wake bado ni mdogo, miundo ya sentensi anayoiamini ni michache, naye huirudia ile aliyohakikishiwa darasani kwamba ni sahihi. Uangalifu uleule tunaomfundisha ndio unaomtia hatiani.

Hili si dhana tupu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kuwa kazi ya mashine, ilhali insha za wanafunzi wa shule za Marekani zilipita karibu zote bila kushukiwa. Mwaka huohuo kampuni ya OpenAI, iliyounda ChatGPT, iliiondoa programu yake yenyewe ya kugundua kwa sababu haikuwa na usahihi wa kutosha. Kampuni hiyo ilikuwa imekiri tangu mwanzo kwamba iliyatambua maandishi ya mashine kwa asilimia 26 tu, na kwamba iliwasingizia binadamu katika asilimia 9 ya maandishi yao. Ikiwa waundaji wa mashine hawakuweza kuitambua kazi yake kwa uhakika, sioni kwa haki gani tumfukuze mtoto kwa kutegemea chombo cha namna hiyo.

Keti na mwanafunzi wako kwa utulivu. Mwombe akueleze kwa nini aya ya pili inatangulia ya tatu, na neno fulani alilolitumia alilipata wapi, kisha aandike mbele yako aya moja juu ya mada ileile. Aliyeandika insha yake huikumbuka safari yake, hata kama hajui kuisimulia kwa ufasaha. Na ukibaki na shaka, shaka hiyo imfae mwanafunzi.

Pamoja na hayo, wasiwasi wako una msingi, kwa sababu wapo wanafunzi wengi wanaoiachia mashine kazi yote, na hasara yake ni kubwa kuliko alama za bure. Utafiti uliofanyika Uturuki kwa karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari, ingawa ulihusu hisabati, unatufaa sana sisi walimu wa lugha. Wanafunzi waliopewa programu ya kawaida ya mazungumzo walifanya vizuri katika mazoezi, lakini waliponyang'anywa programu hiyo na kupewa mtihani, walipata alama pungufu kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuitumia. Kundi jingine lilipewa programu iliyopangwa itoe vidokezo bila kutoa jibu, na kwao madhara hayo karibu yalitoweka. Kilichotofautisha makundi hayo mawili ni nani aliyetangulia kufikiri.

Kwa hiyo nakushauri ubadilishe kazi yenyewe. Rasimu ya kwanza iandikwe darasani kwa kalamu, fupi tu, ndani ya dakika ishirini, nawe uiwekee sahihi. Kwa rasimu ya pili mwanafunzi aruhusiwe kutumia programu, lakini kwa agizo moja: ipigie mstari sehemu zenye makosa bila kuzisahihisha. Kisha asahihishe mwenyewe, na pembeni ya kila sahihisho aandike sababu kwa maneno yake: “nilisahau wakati uliopita”, “kitenzi hakikupatana na kiima”. Unaposahihisha, toa alama kwa umbali uliopo kati ya rasimu ya kwanza na ya mwisho na kwa ukweli wa zile sababu za pembeni. Ni kazi ya ziada kwako, sikatai. Hata hivyo, zile sababu za pembeni zitakueleza mengi kuhusu darasa lako kuliko insha iliyosafishwa na mashine.

Swali: Nimekuwa nikijifunza Kifaransa kwa simu. Ninapozungumza na programu, tunaelewana vizuri na hunisifu. Lakini hivi karibuni niliketi na Wafaransa wawili waliokuwa wakizungumza, nami nikabaki bubu. Je, nimepoteza muda wangu? (Msomaji aliyevunjika moyo)

Jibu: Hujapoteza. Umejifunza nusu ya jambo, na nusu hiyo ina thamani yake. Aibu ya kukosea mbele za watu imewazuia wengi kufungua midomo, na programu isiyocheka wala kuchoka humpa mtu mwoga nafasi ya kuanza. Katika kukumbuka msamiati pia mashine ina manufaa makubwa: Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1885 jinsi kumbukumbu inavyofifia na jinsi marudio yaliyoachanishwa kwa muda yanavyoiimarisha, na hakuna mwalimu awezaye kukumbuka neno lipi linakaribia kumponyoka kila mmoja wa wanafunzi wake arobaini. Simu huweza.

Tatizo ni kwamba programu ni msikilizaji mwema kupita kiasi. Hungoja umalize, haikukatizi, hukusikiliza peke yako, na zaidi ya yote, hukisia ulichokusudia hata kama sentensi yako imevunjika viungo. Imeundwa ikufae, na njia nyepesi ya kukufaa ni kukuelewa. Binadamu hukunja uso na kusema, “Umesemaje?” Kukunja uso huko ni sehemu ya somo. Merrill Swain, mtaalamu wa ujifunzaji wa lugha, aliwachunguza wanafunzi nchini Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa ilhali kwao kilikuwa lugha ya pili, na mwaka 1985 akaeleza kwamba, ingawa waliielewa lugha vizuri baada ya kuisikia kwa miaka, kusema na kuandika kwao kulibaki nyuma, kwa sababu hawakusukumwa vya kutosha kuitoa lugha kwa usahihi na kuirekebisha pale ambapo haikueleweka. Anayeeleweka kila mara hana sababu ya kujirekebisha.

Basi ibadilishe tabia ya programu yako. Kila unapoanza mazungumzo, iandikie maneno kama haya: “Usikisie ninachomaanisha. Sentensi yangu isipoeleweka, niulize. Nikikosea, nionyeshe kosa liko wapi, lakini usinipe sentensi sahihi mpaka nijaribu mara mbili. Usinisifu.” Utaona mazungumzo yanakuwa ya polepole na yenye kuchosha, na uchovu huo ni dalili njema. Iombe pia ikupinge: itete jambo usilokubaliana nalo, nawe uijibu kwa sauti, si kwa kuandika.

Kilichokunyamazisha mbele ya Wafaransa wale, hata hivyo, hakikuwa sarufi. Watu wawili wanapozungumza, sauti hupandana, maneno humezwa, mmoja humalizia sentensi ya mwenzake, na nafasi ya kuingilia hudumu kufumba na kufumbua. Ustadi huo haupatikani kwa kuzungumza na msikilizaji mmoja anayengoja zamu yake. Tafuta watu, hata wawili tu, na ukubali kukaa nao ukiwa unaelewa nusu. Huko nyumbani, sikiliza vipindi vya redio vyenye wasemaji zaidi ya mmoja, na usikimbilie maandishi yake kabla hujavisikiliza mara kadhaa.

Swali: Ikiwa simu inaweza kutafsiri kila kitu papo hapo, kwa nini watoto wetu waendelee kusumbuliwa na lugha za kigeni? (Mzazi)

Jibu: Tafsiri ya mashine imeboreka kweli, hasa tangu mwaka 2016 Google ilipoanza kuiendesha programu yake ya kutafsiri kwa mitandao ya neva, yaani mifumo ya kompyuta inayojifunza kwa mifano mingi, nami huitumia ninapotaka kujua kwa haraka barua inahusu nini. Kwa haja ya namna hiyo, mtoto wako hana sababu ya kusoma lugha miaka sita. Lakini anayetegemea mkalimani hawezi kujua mkalimani amekosea wapi, na hawezi kufanya urafiki, kubembeleza, kugombana na kupatana kupitia kwake bila kubaki mgeni. Hayo ndiyo yanayowafanya watu wajifunze lugha, na sijaona mashine iliyoyaondoa.

Swali: Ninamfundisha Kiswahili mgeni anayejisomea pia kwa akili mnemba. Juzi aliniandikia “rafiki wangu amefika”. Nilipomsahihisha, alinionyesha maelezo ya programu: majina ya viumbe hai hufuata upatanisho wa a-wa, kwa hiyo “wangu” ni sahihi. Nilikosa jibu. Inakuwaje programu isiyokosea Kiingereza ikosee Kiswahili? (Mwalimu wa Kiswahili)

Jibu: Sahihisho lako lilikuwa sahihi. Tunasema “rafiki yangu amefika” na “rafiki zangu wamefika”: kitenzi hufuata a-wa, lakini kimilikishi cha rafiki, ndugu, mama, baba na wengine walio karibu nasi hufuata njia ya i-zi. Wakati huohuo tunasema “mwalimu wangu” na “kiongozi wangu”. Programu ilijua kanuni kuu, ikaitandaza hadi mahali isipofika, kisha ikaitetea kwa lugha ya kitaalamu. Hiyo ndiyo hatari kubwa kwa anayejifunza, kwa sababu hana namna ya kutofautisha maelezo ya kweli na ya kubuni: yote huja kwa ufasaha uleule na kwa kujiamini kulekule.

Sababu kubwa ni chakula cha mashine hizi. Hujifunza kwa mifano, na mifano haikugawanywa sawa kati ya lugha. Chukua Whisper, programu ya kutambua usemi iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022: ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na kati ya hizo takriban saa 438,000 zilikuwa za Kiingereza, huku lugha nyingine 96 zikigawana saa zipatazo 117,000 za usemi ulioandikwa kwa lugha yake. Lugha yenye mifano michache hujazwa mapengo yake kwa kanuni za jumla na kwa mazoea ya lugha kubwa. Jitihada za kurekebisha hali hiyo zipo, na zinastahili mkono wetu: mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti zinazotolewa na wasemaji wenyewe, Kiswahili kikiwemo, na mtandao wa watafiti wa Masakhane umejitolea kuzishughulikia lugha za Afrika. Anayeweza kuchangia sauti yake na achangie, kwani ni vigumu kulalamika kwamba mashine haitusikii ilhali hatujazungumza nayo.

Kwa mgeni wako, weka utaratibu huu: programu isiulizwe kanuni, iulizwe mifano kumi; kisha yeye akulete mifano hiyo, nawe umwonyeshe ipi mtu anaisema na ipi haisemi. Akizoea kuiona mifano kabla ya kanuni, atajifunza kuishuku kanuni inayokuja haraka mno.

Swali: Binti yangu wa miaka kumi anataka kufanya mazoezi ya Kiingereza na programu ya mazungumzo kwenye simu yangu. Nimruhusu? (Baba)

Jibu: Peke yake, hapana. Katika mwongozo wake wa Septemba 2023 kuhusu akili mnemba katika elimu, UNESCO ilipendekeza umri wa chini wa kuitumia darasani uwe miaka 13, na kampuni nyingi zenye programu hizi huweka kikomo hichohicho au cha juu zaidi. Mtoto wa miaka kumi husimulia mambo ya nyumbani bila kujua yanahifadhiwa wapi, na huamini anachoambiwa na sauti ya upole.

Kaeni pamoja, baba, simu ikiwa mkononi mwako. Yeye atunge sentensi kwa mdomo, nawe uiandike kama alivyoisema, na makosa yake yote. Kabla hujabonyeza kutuma, mwulize: “Unadhani itasahihisha nini?” Msubiri ajibu. Akikosa jibu, msiitume bado. Someni sentensi hiyo tena kwa sauti, polepole, mpaka apate walau neno moja analolitilia shaka.