Mteja akija na jina la ugonjwa mdomoni: kwa washauri nasihi wapya

Wengi watakaoketi mbele yako watakuja na jina tayari. Nina sonona. Mume wangu ana bipola. Usimbishie mteja, lakini pia usiliandike jina hilo kama ugonjwa. Liandike ndani ya alama za kunukuu, kwenye sehemu ya malalamiko. Atakayefungua faili baadaye akikuta "sonona" bila nukuu ataamini kuna mtu alishapima, na mteja atalibeba jina hilo kliniki hadi kliniki.

Kisha uliza: ilianza lini? Kwa siku inakuchukua muda gani? Imekuzuia kufanya nini?

Kijana aliyeachwa na mchumba juzi, halali vizuri lakini anakula na kwenda kazini, ana huzuni. Anaumia kweli, na anahitaji mtu wa kumsikiliza. Sonona, kwa vigezo vya DSM-5 vya mwaka 2013 (mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili), inataka dalili zisizopungua tano kati ya tisa, karibu kila siku kwa wiki mbili, na mojawapo lazima iwe huzuni au kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni la upande wa pili. Neno likishazoeleka, sikio lako hulisubiri, na mwenye sonona hasa mara nyingi halitamki. Husema mwili umechoka, kichwa kinawaka moto, nawaza sana. Amepimwa malaria mara kadhaa, hana. Huyo mpe PHQ-9, dodoso la dalili za sonona: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Akifika 10, afanyiwe tathmini kamili. Dodoso peke yake halithibitishi ugonjwa. Msomee polepole, kwa sababu wengi hawatofautishi majibu "siku kadhaa" na "zaidi ya nusu ya siku" mpaka uwahesabie siku 14. Swali la tisa linahusu kujidhuru au kutamani kufa. Jibu lolote zaidi ya 0, acha kujumlisha na umuulize waziwazi kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Bipola haimaanishi mtu anayecheka asubuhi na kununa jioni. Tafuta kipindi cha wiki nzima au zaidi ambacho alilala kwa muda wa saa mbili au tatu tu na kuamka na nguvu tele, akaongea bila breki, akatumia hela ovyo, mpaka ndugu wakashtuka. Swali hili lisirukwe hata kwa aliyekuja na huzuni tupu: dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mwenye bipola zinaweza kumpandisha kwenye wazimu wa furaha. Skizofrenia nayo si kuwa na watu wawili ndani ya mtu mmoja. Ulizia sauti anazosikia peke yake na imani asizoweza kuondolewa.

Anayependa nyumba safi huridhika ikishang'aa. Mwenye maradhi ya wasiwasi wa kurudiarudia haridhiki: anarudia udhu mpaka swala inampita na ngozi inachubuka, anajua amezidisha, na bado hawezi kuacha. Kitabibu tunaangalia kama yanamla zaidi ya saa moja kwa siku au yanamvurugia maisha.

Kuwa makini zaidi na majina anayopewa mtu asiyekuwepo chumbani. Mke akisema mumewe ni narsisi, yaani mtu anayejiona na kujipenda kupita kiasi, usikubali wala usikatae; hujamwona. Mwombe akusimulie tukio la mwisho: alisema nini, wewe ukajibu nini, kikafuata nini. Mara nyingine kinachofuata ni kipigo, na jina lilikuwa limekifunika. Hapo mazungumzo ya tabia yanasimama. Uliza kama leo ana pa kulala salama, watoto wako wapi, na kama yuko tayari kusindikizwa hospitali au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi.