Wembe nusu kwenye pipa la darasa la tatu

Ilikuwa Ijumaa kama saa 9 mchana, watoto wameshatawanyika, nami nimebaki ofisini nasahihisha madaftari. Dada wetu wa usafi akasimama mlangoni amekifumbata kidole gumba. Alikuwa akizikandamiza taka za darasa la tatu ndani ya kiroba ili zienee, wembe ukamchana. Ni wembe wa kuchongea penseli, umevunjwa kati ili watoto wawili wagawane. Akauweka mezani kwangu. Pembeni una kutu, na damu juu yake ni mbili: ya kwake mbichi, na nyingine kavu iliyokwisha kugeuka rangi ya kahawia.

Ile kavu ndiyo iliyonishtua. Hatukujua ni ya mtoto gani.

"Ni kijidonda tu, mwalimu," akaniambia. "Mbona kisu cha jikoni kinanikata kila leo?"

"Kisu chako unakijua, dada. Huu wembe umepita mikono ya watu."

Kidole alikuwa ameshakinyonya, na sasa alitaka mafuta ya taa apake. Ndivyo tulivyokuzwa, na mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo miaka michache nyuma. Nimefundisha shule za msingi hapa Tanga miaka 19, nimefuta damu za watoto kwa ncha ya kanga na kwa kiganja kitupu: aliyeanguka na baiskeli, aliyejikata na fyekeo siku ya usafi, aliyeng'oka jino. Mtoto analia, unamkimbilia. Hakuna anayefikiri mikono yake ina mchubuko wa chaki na sabuni.

Nieleze tulichofanya, maana linaweza kukukuta kesho. Kidole kilioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila haraka. Usikinyonye kidonda, usikikamue, usikimwagie jiki. Damu ikiingia jichoni au mdomoni, suuza kwa maji safi mengi. Kisha tukapanda bajaji kwenda hospitali siku ile ile. Dawa za kuzuia VVU baada ya ajali ya namna hii huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Hesabu mwenyewe: tungesema tungoje Jumatatu tumwambie kwanza mwalimu mkuu, muda ungetuishia mikononi.

Walimpima kwanza yeye, wakamsikiliza, wakampa dawa za siku 28. Zilimtia kichefuchefu, wiki ya pili akataka kuziacha. Akawa anazimeza usiku baada ya kula, akamaliza. Vipimo vya baadaye vilitoka salama, Alhamdulillah.

Lakini swali lililonikaa kichwani ni la muuguzi: "Umechanja homa ya ini?" Dada akanitazama. Nami sikuwa nimechanja.

Sisi tukisikia damu tunawaza UKIMWI peke yake. Homa ya ini aina ya B inaambukiza kwa urahisi zaidi. Mhudumu wa afya akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini B, kama hajachanja, ni kati ya 6 na 30 katika 100. Hizo ni hesabu za sindano za hospitali, sizipachiki kwenye wembe wa darasani. Nazitaja uone tofauti yake. Tena kirusi hiki kinaweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka siku 7. Damu ya Jumatatu kwenye dawati bado ni damu siku ya Ijumaa. Aina ya C nayo ipo, na haina chanjo.

Watoto wetu wengi wa sasa wamechanjwa, kwa kuwa chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto nchini mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo tumeachwa nje, labda uwe umechanja kwa hiari yako. Unapimwa kwanza, ukiwa huna maambukizi unachomwa sindano 3: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Kama utafanya jambo moja tu kutokana na maneno yangu haya, naomba liwe hili.

Kuhusu huduma ya kwanza, niliyojifunza yenye faida kubwa ni hii: mtoto anaweza kujibonyeza mwenyewe. Mpe kitambaa safi, mwambie abonyeze kidonda chake kwa nguvu, wewe ukivaa glavu. Akitokwa na damu puani, muhina kama tunavyosema huku pwani, mkalishe ainamishe kichwa mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia kuchungulia. Usimlaze chali, damu itateremka kooni. Glavu zikiwa zimeisha, vaa mfuko safi wa mkate mkononi. Si sawa na glavu, ila unashinda kiganja kitupu. Ukimaliza, nawa.

Damu iliyomwagika chini: vaa glavu, funika kwa karatasi au tambara, mwagia jiki iliyochanganywa, subiri dakika 10, ndipo ufute. Soma chupa. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 6 vya maji. Changanya ya siku hiyo hiyo, na chupa usiiache juani. Kwa joto letu hili inapoteza nguvu upesi.

Walimu wenzangu huniuliza, je, si afadhali tuwajue watoto wenye VVU ili tujihadhari nao? Hapana, na nalisema kwa moyo wote. Wapo wazazi wasiojua hali za watoto wao, na wapo watu wazima wasiojua hali zao wenyewe. Ukimhofu mmoja uliyeambiwa, utamgusa mwingine bila glavu kwa kuwa amenawiri. Kila damu ichukuliwe sawa, ya mtoto wa mwalimu mkuu na ya yatima, na siri ya mtoto itabaki siri. Machozi, jasho na mate yasiyo na damu hayaambukizi virusi hivi. Mkumbatie.

Tulipokaa kikao, nilichong'ang'ania ni watu ambao hawakuwemo kwenye kikao hicho: dada wa usafi, mpishi wa uji, mlinzi. Hao ndio wanaobeba taka na kumwaga ndoo za taulo za kike vyooni, na ndio waliokuwa hawana hata glavu nene. Dada alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku, na nauli ya hospitali tulichangishana walimu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Mwenye ajira rasmi ana pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa hiyo ajali iandikwe siku ile ile: saa, mahali, aliyeshuhudia. Kibarua naye aandikiwe. Bila karatasi, kesho ataambiwa alijikata kwao.

Wembe tumeupiga marufuku darasani, kila dawati lina kichongeo. Viwembe vinavyookotwa vinaingia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko uliochanwa upenyo, nalo halifunguliwi tena hadi linapopelekwa zahanati kuteketezwa pamoja na vifaa vyao vyenye ncha kali. Kiroba hakikandamizwi kwa mkono wala mguu. Kikijaa kinafungwa, kinachukuliwa kingine. Vyooni kuna ndoo yenye mfuniko wa kukanyaga.

Dada amechoma sindano yake ya tatu mwezi uliopita. Mpishi ameanza. Mlinzi ndiye bado anasitasita, anasema yeye kazi yake ni geti. Jana dada alimfuata pale getini, akamwonyesha alama iliyobaki kwenye kidole gumba.