Mume anasema nimeutoa nje

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Nina mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Kliniki wamenipima, wakasema nina homa ya ini B. Mume wangu kapimwa, hana. Sasa anasema nimeutoa nje. Mama mkwe amenitengea sahani na kikombe. Mtoto atapona? Nitanyonyesha? Na baadaye naruhusiwa sindano ya uzazi wa mpango?
Mama Kijacho, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo mume. Kipimo hakisemi ugonjwa uliupata lini wala kwa nani. Mtoto mchanga akiambukizwa, kama 9 kati ya 10 hubaki na kirusi; mtu mzima akiambukizwa, hawafiki 5 kati ya 100. Kama ulizaliwa kabla ya 2002, chanjo hii ilikuwa bado haijaingia kliniki za watoto Tanzania. Huenda umeishi nacho tangu unanyonya, hata humjui bwana huyo. Yeye mwenyewe akachanjwe: sindano tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Mpaka amalize, tumieni kondomu.

Sahani haiambukizi, wala ugali wa pamoja. Vya kutenga ni wembe na mswaki. Nenda na mama mkwe kliniki aelezwe na muuguzi. Kwako wewe hatasikia.

Mtoto achanjwe ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Zile za wiki ya 6, 10 na 14 hazizibi pengo la hii ya kwanza, kwa hiyo uliza sasa kama hospitali yako inayo, usingoje usiku wa uchungu. Daktari anaweza pia kukuanzishia tenofovir, dawa ya kupunguza kirusi, kuanzia wiki ya 28. Wenye VVU nao huitumia, basi jirani akiona kopo ataongea, mwache. Ila hakikisha umepimwa VVU kwanza.

Nyonyesha bila wasiwasi. Sindano unaruhusiwa maadamu ini halijaharibika. Lililosinyaa, tumbo likajaa maji, ndilo linalotufanya tukataze vidonge vya majira na kuzifikiria mara mbili njia nyingine za homoni. Hapo kitanzi cha shaba kinafaa.

Mtoto apimwe akikaribia mwaka. Wewe endelea kupima ini hata ukijisikia mzima, na zile chupa za mitishamba za “kusafisha ini” zinazouzwa stendi usiziguse.