Jibu: Nimetegua enka (kifundo cha mguu) nikicheza mpira Raskazone, Tanga, nikande kwa maji ya moto au nikapige picha ya eksirei?

Pole sana ndugu yangu. Maji ya moto acha kabisa kwanza, na usikubali mtu akuchue wala kuuvuta huo mguu, siku mbili tatu za mwanzo joto linazidisha uvimbe. Weka barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, rudia mara kadhaa kwa siku, mguu uinue juu ya mto.

Sasa jipime: hatua 4 unazimudu hata kwa kuchechemea? Na ukibonyeza ule mfupa wa pembeni uliotokeza, wa nje na wa ndani, unauma? Kama hatua zinakushinda au mfupa wenyewe ndo unauma nenda hospitali ya Bombo leo ukapige eksirei, maana kano iliyochanika na mfupa uliovunjika vinavimba vilevile, kwa macho hujui. Kwenye mpira usirudi mpaka uweze kuruka kwa mguu huo mmoja bila maumivu.